Chungu Kisichosimama Peke Yake

Vyumba vingi vya kupanga katika vituo vya biashara vya Nyatike ni vya futi kumi kwa kumi. Huko Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya kaunti ya Migori, chumba kama hicho ndicho sebule, ndicho jikoni, ndicho cha kulala, na usiku pikipiki nayo hulala humo humo. Kochi la watu watatu lina urefu wa futi saba hivi. Ongeza kochi la watu wawili, viti viwili vya mtu mmoja mmoja, meza ya kioo katikati na kabati la televisheni linalokaribia dari, na mwenye chumba ataanza kupita ubavu ubavu ndani mwake.

Hata hivyo seti hiyo bado ndiyo ndoto ya wengi, kuanzia Osiri hadi Homa Bay na hata Mbita. Kenya nzima inaijua sebule yenyewe: makochi yamebanana ukutani, na kila mgongo wa kochi umevikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, cheupe pe, kikitandikwa upya mgeni akipiga hodi. Vitambaa hivyo vina heshima yake. Mama aliyevifuma alikesha navyo. Lakini vikiwa ishirini katika chumba kimoja, hakuna hata kimoja kinachotazamwa.

Siku hizi simu zimeleta picha za nyumba za namna nyingine. Ukuta mweupe, kiti kimoja cha mbao, stendi nyembamba pembeni, na juu ya stendi chombo kimoja tu. Mtindo huu wa samani chache, unaoitwa minimalizimu, ulichukua jina lake kwa wasanii wa Marekani wa miaka ya 1960. Mmoja wao, Donald Judd, alihamia mji mdogo wa Marfa, Texas, katika miaka ya 1970, na alipokosa huko samani za kumfaa yeye na watoto wake akaunda zake: vitanda, meza na viti vya mbao zilizonyooka, visivyo na nakshi hata moja. Leo viti vya aina hiyo huuzwa kwa bei ambayo ingenunua shamba Nyatike.

Basi kijana wa Migori akiona picha hizo hudhani ni mambo ya ugenini. Angemuuliza bibi yake nyumba ya zamani ilikuwa na nini ndani.

Nyumba ya Kijaluo ya udongo na nyasi ilikuwa na vitu vya kuhesabika. Ngozi au mkeka wa kulalia, vyungu, vibuyu, vikapu, mafiga. Kwenye duol, kibanda cha mwenye boma kilichokuwa karibu na zizi la ng'ombe, ambamo wanaume walikula na kuzungumza, kulikuwa na kigoda. Kwa Kijaluo ni kom. Fundi alikichonga kwa tezo kutoka gogo moja, kuanzia kikalio kilichobonyea kidogo hadi miguu, bila msumari wala gundi wala kiungo cha kulegea. Kilikuwa kifupi, na mzee aliweza kukibeba kwa mkono mmoja kufuata kivuli. Hakikuwa cha kukaliwa na kila mtu. Pwani nako kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichotiwa pembe za ndovu na kusukwa kwa kamba, kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Kiti kimoja kikizungukwa na nafasi hujulikana ni cha nani.

Lakini chombo kinachosema zaidi ni dapi, chungu cha maji. Ukikitazama kwa karibu utaona kazi ya wafinyanzi wanawake wa kando ya Ziwa Viktoria: tumbo limejaa, shingo imebana, na begani pamezunguka mstari wa alama ndogo ndogo zilizotiwa kwa kubiringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo ungali mbichi. Kisha tazama chini. Tako ni la mviringo. Dapi hakisimami peke yake; ukikiacha sakafuni kitalala ubavu. Lazima kiwe na cha kukishika: ngata ya majani, shimo dogo la mchanga, mawe matatu, au stendi.

Kwa hiyo stendi ya dapi si pambo lililobuniwa baadaye. Ina kazi, na kazi hiyo inaeleweka hata leo. Udongo uliochomwa kwa moto wa nyasi na kuni hubaki na vitundu visivyoonekana. Maji hupenya polepole, chungu hutoa jasho, jasho hukauka kwa upepo, na kadiri linavyokauka ndivyo maji ya ndani yanavyopoa. Chungu kikibanwa kwenye kona nyuma ya kochi, upepo haukifikii na baridi hupungua. Kiinue, kipe nafasi pande zote, na mchana wa jua kali la Nyatike mtu atakunywa maji ya baridi bila friji. Ni vigumu kupata sababu bora zaidi ya kuacha nafasi tupu ndani ya nyumba.

Wazungu wenyewe hawakuanzia kusikokuwa na kitu. Katika miaka ya 1920, mjini Paris, Pierre Legrain aliunda vigoda kwa ajili ya mbunifu tajiri wa mavazi, Jacques Doucet, na umbo lake alilitoa kwenye vigoda vya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Constantin Brâncuși, mchongaji wa Romania aliyeishi jijini humo, alichonga mwenyewe stendi za sanamu zake kwa mbao na mawe, hata mtu akashindwa kusema stendi inaishia wapi na sanamu inaanzia wapi. Gogo lililokaliwa Afrika lilifika ng'ambo, likapigwa picha, na sasa linarudi kwenye simu kama habari mpya.

Anayetaka kupanga nyumba kwa mtindo huu katika kaunti za Migori na Homa Bay hana haja ya kuagiza kontena. Mti wa siala, wenye maua ya manjano, unapandwa kando ya maboma mengi ya upande huu wa ziwa. Mbao zake ni imara na mchwa hawazipendi. Mbao kwa jumla zilipanda bei baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, zuio lililodumu hadi 2023, na mafundi wengi wa jua kali walijifunza kwa lazima kutotupa kipande. Makombo ya fremu ya kochi moja yanatosha kigoda na stendi ndogo. Mteja mwenye pesa kidogo angeanzia hapo.

Kwa jiwe, safari ni fupi. Tabaka, katika kaunti ya Kisii, si mbali na mji wa Rongo, na ndiko linakotoka lile jiwe laini linaloitwa jiwe la Kisii. Huchimbwa kwa mikono, hukatwa kwa panga na msumeno, na huchongwa kwa kisu likiwa limelowa. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri wa huko, ana sanamu yake ya ndege kwenye makao makuu ya UNESCO, Paris. Hatua nzuri zaidi kuitazama ni ya kusugua. Wanawake huketi na beseni za maji wakipitisha sandipepa juu ya kitu kilichokuwa kijivu cha vumbi, na maji yakipita juu yake rangi hujitokeza: waridi, maziwa, kahawia yenye mishipa. Likikauka hupakwa nta na rangi hubaki.

Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu jiwe hilo hudanganya macho. Ni laini kwa kisu lakini zito. Nguzo ya jiwe tupu yenye upana wa sentimita 30 kila upande na kimo cha sentimita 60 hufikia karibu kilo 150. Nyumba ya udongo haitaipenda, na mtoto akiisukuma ikaanguka ni hatari. Kibao cha upana huo huo chenye unene wa sentimita 4 kina uzito wa kilo kumi hivi, na kikikalia miguu mitatu ya siala kinatosha kabisa. Miguu mitatu, kama mafiga, haitikisiki hata sakafu ikiwa na mabonde. Iachwe itanuke chini kidogo kuliko kibao, ndipo stendi itakapokataa kupinduka.

Na kwa mpangaji wa Osiri kuna hoja nyingine. Mchimba dhahabu huhama. Shimo likikauka, anafuata jingine. Seti ya makochi huhitaji pikapu, na mara nyingi huuzwa kwa hasara siku ya kuondoka. Kigoda na stendi hufungwa nyuma ya bodaboda.

Anayeagiza stendi ya chungu asiende kwa fundi na picha ya simu peke yake. Aende na chungu chenyewe. Fundi mzuri atapitisha uzi kuzunguka tumbo, kisha atauteremsha hadi pale tako linapoanza kujikunja, na hapo ndipo atakapokata duara la kibao, dogo kuliko tumbo na pana kuliko tako, ili chungu kizame kidogo na kukaa. Kimo kiwe cha mkono wa mtoto mwenye kiu. Chini ya duara iachwe nafasi ya kupitisha upepo, na chini kabisa bakuli la kukinga matone.

Halafu chungu kikirudishwa nyumbani na stendi yake, kiwekwe karibu na dirisha, na kisitundikwe kitambaa.