Kujenga foma pasipo intaneti: safari mbili za Lusangi

Safari yangu ya kwanza Lusangi, kusini mwa Maniema, iliharibika kwa sababu ya mstari mmoja kwenye skrini: version `GLIBC_2.34' not found. Nilikuwa nimetoka Kasongo kwa pikipiki nikiwa na madaftari mawili, kompyuta ya zamani, na flashi yenye programu ya foma ambayo mwenzangu alikuwa ameniandalia kwenye kompyuta yake mpya. Programu ikakataa kufunguka, na pale nilipofikia hapakuwa na intaneti ya kupakulia nyingine. Basi nikafanya kama walivyofanya wengi kabla yangu: nikakusanya maneno ya Kibangubangu, nikaondoka nayo, nikaenda kuyachambulia mjini. Niliporudi baada ya miezi saba, mama mmoja aliyekuwa amenisaidia sana alinikaribisha, akanipa kiti, kisha akasema, "Mwanangu, maneno yetu ulikwenda nayo. Kama uliyaandika vibaya, sisi tungejuaje?"

Makala haya ni ya kueleza nilichopaswa kukijua kabla ya safari ile.

Kibangubangu kinazungumzwa Kabambare na jirani zake. Katika mpangilio wa Guthrie ni D27, na wanafunzi wa Kibantu wanakifahamu zaidi kupitia muhtasari alioutoa A. E. Meeussen mwaka 1954. Nilitaka kutengeneza kichanganuzi cha mofolojia yake, yaani programu inayopewa neno zima na kutoa viambishi na mzizi, au ikapewa viambishi na mzizi na kuunda neno. Kwa Kiswahili kazi hiyo ina historia ndefu. Kimmo Koskenniemi alitoa nadharia ya ngazi mbili mwaka 1983, na Arvi Hurskainen wa Helsinki akaitumia kwa Kiswahili. Foma, iliyoandikwa na Mans Hulden na kutambulishwa mwaka 2009, imo katika ukoo huohuo. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Anayesoma fonolojia haitamtisha. Ukiandika

regex u -> w || _ [a | e | i] ;

umesema kwamba u hugeuka w mbele ya irabu hizo tatu. Kisha ukiandika down muana, foma inakujibu mwana. Ni kanuni ileile tunayoiandika ubaoni, isipokuwa hii inakuumbua palepale ukikosea.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa GLIBC. Foma imeandikwa kwa lugha ya C. Tunachokiita msimbo chanzo ni maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma. Kompyuta haiyatekelezi yalivyo. Kompaila ndiyo inayoyageuza kuwa maagizo ya mashine, faili baada ya faili, kisha programu nyingine inayaunganisha mafaili hayo yawe kitu kimoja. (Hiyo ya pili huitwa kiunganishi, na wanasarufi wasinune: neno ni letu, wameliazima.) Wakati wa kuunganisha, programu inafungwa kwenye maktaba zilizomo katika kompyuta ile inayojengewa. Maktaba hapa si rafu za vitabu. Ni fungu la kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingi huziita badala ya kila moja kubeba nakala yake. Glibc ndiyo maktaba ya msingi kuliko zote kwenye Linux. Foma ya mwenzangu ilijengwa mahali penye glibc mpya, ikabeba alama za toleo hilo, na kompyuta yangu kuukuu haikuwa nazo.

Msimbo chanzo hauna fungamano hilo. Ukijengwa kwenye kompyuta kuukuu, unafungwa kwenye glibc ya kompyuta hiyo hiyo. Ndiyo maana kwa mtu anayekwenda mahali asipojua atakuta mashine gani, msimbo ni mzigo mwepesi na wa uhakika zaidi kuliko programu iliyo tayari. Sisemi kila mtu ajenge kila kitu. Debian na Ubuntu zinayo foma kwenye hazina zake, na mwenye intaneti hana sababu ya kujitesa.

Kwa safari ya pili nilifanya mazoezi nyumbani. Nilizima intaneti kabisa, nikajifanya niko Lusangi, nikafungua kifurushi cha msimbo kwa tar xzf, nikaingia ndani ya folda na kuandika make. Amri hiyo husoma faili liitwalo Makefile, ambalo limeeleza lipi lijengwe kabla ya lipi. (Matoleo mapya ya foma hutumia CMake, kwa hiyo soma faili la README kabla ya kunifuata mimi.) Mistari ikatiririka, kisha ikasimama:

fatal error: readline/readline.h: No such file or directory

Kosa hili huwachanganya watu, maana readline ilikuwemo kwenye kompyuta na programu nyingine zilikuwa zikiitumia. Ndiyo maktaba inayokuwezesha kurudi nyuma na kusahihisha unapoandika amri. Kilichokosekana ni faili la vichwa, lenye .h mwishoni. Ndani yake hakuna kazi yenyewe. Mna majina ya kazi tu, na kila moja inataka vijalizo vingapi na vya aina gani. Kwetu sisi ni kama kidahizo cha kitenzi kinachosema "hiki ni elekezi, kinataka yambwa". Kompaila haiwezi kukubali sentensi yenye kitenzi ambacho haikipati kwenye kamusi, hata kama watu wanakisema kila siku. Debian huyaweka mafaili hayo kwenye pakiti za pembeni zinazoishia na -dev, na hapo ndipo wengi hukwama. Nikaitafuta libreadline-dev na zile inazozitegemea, pamoja na zlib, flex na bison, nikazitia zote kwenye flashi. Flex na bison zinahitajika kwa sababu foma lazima kwanza isome kanuni unazoiandikia: nazo zina sarufi yake, na sarufi hiyo nayo inahitaji kujengwa.

Nilirudia zoezi mara tatu, kila mara nikianza na mfumo mtupu. Mara ya tatu halikukosekana kitu.

Kompyuta niliyoikusudia safari hii haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa huko aliyekubali kuendelea na kazi nikiondoka. Tuliichaji kwa sola mchana kutwa, nikaweka Debian kutoka kwenye flashi, kisha gcc na make, halafu pakiti zangu, mwisho foma. Ujenzi wenyewe ulikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Nikaandika sudo make install, ambayo hunakili programu na maktaba yake ndani ya /usr/local, nikamwambia mwalimu aifungue yeye. Akaandika foma, na skrini ikamjibu kwamba libfoma.so.0 haionekani.

Nilikosa hata la kusema, kwa kuwa nyumbani jambo hili halikutokea. Faili lilikuwepo, tuliliona wote kwa ls, ndani ya /usr/local/lib. Ila Linux haitafuti maktaba kwa kupekua kila folda programu inapofunguliwa. Inaangalia orodha iliyotunzwa, na orodha ilikuwa ya kabla ya sisi kuongeza kitu. Amri ya sudo ldconfig huiandika upya. Kumbe nyumbani nilikuwa nikiiandika kwa mazoea, bila kuinukuu kwenye daftari langu la hatua. Mwalimu ameinukuu kwenye lake, kwa kalamu nyekundu.

Jioni tulikaa uani na yule mama. Tulikuwa na kanuni kumi na moja na orodha ya nomino. Mwalimu aliiambia foma iunde wingi wa kila moja, akayasoma maumbo kwa sauti, moja moja. Mengi yalipita. La tisa mama akacheka, akalirudia kwa toni tofauti, kisha akasema, "Hilo ulilolisema ni neno jingine, Mwalimu. Tena si la kusema mbele ya wageni."

Tukafungua faili la kanuni. Toni ya kiambishi tulikuwa tumeiacha ibaki ilivyo mbele ya mzizi wa aina hiyo. Mwalimu akabadilisha mstari mmoja, foma ikakompaili sarufi upya, akasoma tena. Mama akaitikia kwa kichwa, akauliza kama yamebaki mengi, kwa sababu mboga zilikuwa bado jikoni. Yalibaki thelathini na mawili. Tuliyamaliza kesho yake, mimi nikiwa nimeshafunga begi, na kwenye matano ya mwisho hawakunihitaji.