Kompyuta ya Tawi Ikikataa Mtandao



Kompyuta ya ofisi ya tawi si pambo. Humo ndimo zimo orodha ya wanachama, hesabu za ada na mafaili ya wenzetu walioachishwa kazi. Ikikataa mtandao siku ambayo barua ya rufaa lazima ifike, anayeumia ni mfanyakazi. Fundi naye akija akasema, "Hii imekufa, nunueni mpya," fedha itakayotoka ni ada yetu. Kwa hiyo yafaa tujue wenyewe kilichoharibika kabla ya kukubali.

Ndani ya kompyuta mna kadi ya mtandao. Kadi hiyo haiwezi kusemezana na Windows bila mkalimani, na mkalimani huyo ni programu ndogo iitwayo draiva. Draiva ikikosekana, kadi nzima hukaa kama bubu. Kwenye kompyuta za zamani jambo hili hutokea sana baada ya Windows kuwekwa upya.

Kwanza kabisa, nakilini mafaili ya tawi kwenye flashi. Kisha fuateni hatua hizi.

1. Anzeni na waya. Uchomoeni, mwuchomeke tena, mjaribu na mwingine. Taa ndogo penye tundu ikiwaka, waya unapeleka ishara. Kosa litafutwe kwingine.

2. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andikeni devmgmt.msc, kisha Enter. Itafunguka orodha ya vifaa. Alama ya mshangao ya manjano ni dalili ya shida. Bonyezeni jina la kifaa hicho mara mbili msome namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa. Namba 22, kadi imezimwa tu, iwasheni. Namba 10, kadi imeshindwa kuanza, na mara nyingi draiva haifai au imeharibika. Kama shida ilianza baada ya draiva kubadilishwa, kitufe cha Roll Back Driver huirudisha ile ya awali.

3. Kama hakuna alama yoyote, bonyezeni tena Windows na R, andikeni cmd, kisha ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, draiva inafanya kazi ila kompyuta haikupewa anwani. Kagueni ruta, yaani kisanduku kinachogawa mtandao.

4. Draiva ikikosekana, jueni kwanza kadi ni ya nani. Katika dirisha la kifaa, fungueni Details, mchague Hardware Ids. VEN_10EC ni Realtek, VEN_8086 ni Intel. Tarakimu zinazofuata DEV ndizo aina ya kadi. Ziandikeni zote.

5. Hapa wengi hukwama: draiva iko kwenye mtandao, na kompyuta haina mtandao. Ichukueni kwa kompyuta nyingine, mwilete kwa flashi. Ichukueni kwa kampuni iliyotengeneza kompyuta au kadi, si kwa tovuti msizozijua, maana nyingine hugawa virusi. Ilingane na Windows yenu, kama ni ya biti 32 au 64. Flashi hiyo itunzwe kabatini.

Hatua zote zikishindwa, kadi mpya ya kuchomeka kwenye tundu la USB ni nafuu kuliko kompyuta nzima.

Lakini tusijidanganye. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 Januari 2020, na utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Mashine kama hiyo ikiunganishwa na mtandao huwa hatarini. Linux haiuzwi, ina draiva nyingi ndani yake, na baadhi ya aina zake huenda vizuri kwenye mashine za zamani. Halmashauri ya tawi iizungumze njia hiyo.

Mwisho, ujuzi huu usiwe mali ya katibu peke yake. Kila tawi lifundishe angalau wanachama wawili, ili hata mmoja akihamishwa au akiwa zamu ya usiku, kazi ya chama isilale.