Chumvi Iliyo Katika Jasho

Tupandapo mlima Loleza, juu ya mji wa Mbeya, au tulimapo mahindi huko Iringa, jasho hututoka, na likikauka huacha alama nyeupe nguoni. Alama hiyo ni chumvi ya mwili wetu.

Ngozini mna tezi ndogo zitengenezazo jasho. Lianzapo, lina chumvi karibu sawa na majimaji ya damu. Lipitapo katika kijifereji chake kwenda nje, kuta za kijifereji hicho huinyonya chumvi na kuirudisha mwilini. Kazi ikiwa nyepesi, jasho huenda polepole, na chumvi nyingi huokolewa. Walakini kazi ikizidi ugumu, jasho hupita mbio, kuta haziwahi, nayo chumvi hupotea. Hivyo hasara ni mbili: jasho ni jingi, na kila tone lina chumvi zaidi.

Tushukapo uwanda wa Usangu wenye joto, siku za kwanza twapoteza chumvi nyingi. Baada ya siku kumi hivi mwili huzoea, ukaibana.

Basi, baada ya kazi ngumu ya saa nyingi, maji matupu hayatoshi: tule pia ugali na mboga iliyotiwa chumvi. Wala tusinywe maji kupita kiu, yasije yakaizimua damu.