Kutoka uwanja wa ndege wa Bruxelles kwa treni, ukiwa na watoto na masanduku

Wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu kupitia IOM hawasafiri bila msaada: hupewa ule mfuko mweupe wenye nembo, na kuna mtu wa kuwapokea. Makala haya ni kwa anayetoka Bujumbura kwa viza ya kuungana na familia yake Ubelgiji. Huyu anajinunulia tiketi, anabeba mizigo yake mwenyewe, na mara nyingi mwenyeji wake yuko kazini Liège au Antwerpen na hawezi kufika uwanjani. Baada ya ndege bado kuna treni, na pengine zaidi ya moja.

Burundi haina reli. Kama umewahi kupanda treni, huenda ilikuwa Kigoma au Kalemie, ambako inasimama muda mrefu na wachukuzi wanakusaidia kupandisha mizigo. Ubelgiji, katika stesheni za njiani treni husimama dakika moja au mbili, kisha milango inafungwa. Hapo ndipo watu hukimbia, na wakikimbia mkoba unabaki nyuma.

Usikimbie. Tiketi ya kawaida ya treni za ndani ya Ubelgiji haikufungi kwenye treni fulani. Ni halali kwa safari hiyo siku nzima. Treni ikikuacha unapanda inayofuata, bila kulipa tena. Eurostar, inayokwenda Paris au Amsterdam, ni habari nyingine: tiketi yake ina saa na kiti, kwa hiyo usiinunue kwa muda wa kubana baada ya ndege kutua.

Kabla ya kutoka nyumbani

Pasipoti au hati ya kusafiria, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na karatasi za viza vikae katika mkoba mdogo unaovaliwa mwilini, mbele, hata ukilala. Visiwekwe kamwe katika sanduku. Nguo zinanunuliwa tena; cheti kilichopotea kinaweza kukugharimu miezi ya kuandikiana na Bujumbura au Uvira.

Jaribu pia hivi: beba mizigo yako yote, peke yako, upande nayo ngazi. Ikikushinda hapa nyumbani, itakushinda na kule, kwa sababu lifti za stesheni huharibika. Najua ni vigumu kukataa unga na ndagala vya shangazi, lakini masanduku mawili ya magurudumu ni afadhali kuliko vifurushi vitano vilivyofungwa kwa kamba.

Chini ya uwanja wa ndege

Sanduku lisipotokea, toa taarifa kabla hujatoka katika ukumbi wa mizigo na udai namba ya taarifa hiyo. Likipatikana hupelekwa hadi nyumbani, kwa hiyo uwe na anwani ya mwenyeji wako kwenye karatasi, si kwenye simu pekee.

Stesheni iko chini ya jengo lenyewe, ghorofa ya -1. Kama una noti tu, nenda dirishani. Watoto walio chini ya miaka 12 husafiri bure na mtu mzima, lakini wataje wote unaponunua. Usitupe tiketi: inaskaniwa getini, na mkaguzi ataiomba ndani ya treni.

Kwenda katikati ya Bruxelles ni kama dakika 20. Treni inafika kwanza Nord, kisha Central, halafu Midi. Midi ni stesheni kubwa yenye watu wengi, na wezi wa mizigo wanajulikana pale. Ukiweza kubadilisha treni kwingine, fanya hivyo. Anayekwenda Liège anaweza kubadilishia Leuven bila kuingia Bruxelles kabisa. Mwombe mwenye dirisha akuandikie njia hiyo.

Mji mmoja, majina mawili

Hili huwapoteza hata wanaojua Kifaransa vizuri. Katika eneo la Flandre ubao huandika kwa Kiholanzi peke yake. Ukisimama Leuven ukitafuta "Liège" hutaiona: imeandikwa "Luik". Mons ni "Bergen", Namur ni "Namen", Tournai ni "Doornik", na Bruxelles-Midi ni "Brussel-Zuid". Ukivuka kuingia Wallonie, Antwerpen inakuwa "Anvers" na Gent inakuwa "Gand". Leuven huitwa "Louvain" kwa Kifaransa, lakini Louvain-la-Neuve ni mji mwingine kabisa. Andika majina yote mawili ya mji wako. Namba ya njia itafute penye neno "voie" au "spoor", na iangalie tena dakika chache kabla ya treni kufika, maana hubadilishwa.

Kupanda na watoto

Kondakta husimama jukwaani na kupuliza filimbi kabla milango haijafungwa. Mwendee mapema, mwonyeshe watoto na masanduku; akijua mko wengi atawangoja mpande. Mlango usipofunguka wenyewe, bonyeza kitufe chake. Masanduku yawekeni mnapoyaona, na anzeni kujiandaa kushuka stesheni moja kabla ya yenu.

Kila mtoto awe na karatasi mfukoni: jina lake, namba ya simu ya mwenyeji, mji mnaokwenda. Kubalianeni mapema: mtoto akibaki ndani ya treni bila wewe, asishuke peke yake, amtafute kondakta. Akibaki jukwaani, asimame palepale. Wewe mwambie mfanyakazi wa reli yeyote mara moja, au piga 112.

Ukishafika, pumzika, lakini usipumzike sana: mwenye viza ya muda mrefu anatakiwa kujiandikisha katika manispaa anayoishi ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini. Karatasi watakazoomba ni zilezile za kwenye mkoba mdogo.