Mjue samaki kabla ya kumrushia mkuki

Mchagua nazi hupata koroma, walisema wahenga. Lakini iko kazi moja, mpenzi msomaji, ambapo asiyechagua ndiye anayeambulia koroma. Kazi hiyo ni kuvua samaki kwa mkuki.

Mvuvi wa mshipi hutupa ndoana asijue ni samaki gani atakayeimeza. Akivuta na kukuta mchanga, aghalabu anaweza kumfungua na kumrudisha majini. Mwenye mkuki hana nafasi hiyo. Samaki aliyetobolewa ubavu hata ukimwachilia hatapona. Kwa upande mwingine, mwenye mkuki humwona samaki wake kwa macho kabla ya kumpiga. Basi akikosea, atamlaumu nani?

Twende hadi California, magharibi mwa Marekani, ambako uvuvi huu una wapenzi wengi. Usidhani bahari yao ni vuguvugu kama ya Mombasa. Mkondo wa maji baridi hushuka kutoka kaskazini, na pande za Monterey maji huwa kiasi cha nyuzi 10 hadi 15 za sentigredi. Mpiga mbizi huvaa vazi zito la mpira kuanzia kichwani hadi miguuni, akashika bunduki inayofyatua mkuki, akavuta pumzi moja na kuzama katikati ya mwani mrefu kama miti. Pumzi hiyo ni ya dakika moja au mbili. Wako waliozimia na kufa maji kwa kung'ang'ania sekunde chache zaidi, ndiyo maana hazami mtu peke yake. Katika muda huo mfupi mvuvi anapaswa kujiuliza maswali matatu.

Ni samaki gani huyu?

Katika maji hayo yumo garibaldi, samaki mwenye rangi ya chungwa lililoiva. Hana woga, na ni rahisi mno kumlenga. Lakini kumvua ni kosa, na tangu mwaka 1995 yeye ndiye samaki rasmi wa bahari wa jimbo hilo.

Yumo pia jitu mmoja anayefanana na chewa wetu, ambaye aweza kupita kilo 200 na kuishi zaidi ya miaka 70. Jitu hili ni lipole, na huweza kumsogelea mzamiaji kama linalotaka kumsalimu. Upole huo uliliponza. Lilivuliwa kwa mishipi, nyavu na mikuki hata likakaribia kutoweka, na tangu 1982 sheria ya California inalilinda.

Kulijua jina la samaki ni muhimu hata jikoni. Kabezoni, ambaye jina lake la Kihispania lina maana ya kichwa kikubwa, ana nyama tamu, lakini mayai yake ni sumu. Apendaye kukaanga mayai ya samaki na asimjue huyu, ataishia hospitalini.

Ana urefu gani?

Yuko samaki aitwaye lingkodi, mwenye mdomo mpana na meno makali, ambaye sheria ya California inataka awe na urefu wa inchi 22, yaani sentimita 56, ndipo avuliwe. Mtu atasema, si nitamkadiria kwa macho tu? Hapo ndipo penye mtego. Ukitazama majini kupitia miwani ya kuzamia, kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo, kwa kiasi cha theluthi moja. Samaki unayeapa kwamba ana sentimita 56, huenda ana 42 tu! Mvuvi mwangalifu huchora alama za vipimo kwenye bunduki yake, na akiwa na shaka humwacha samaki aende zake.

Yuko katika hali gani?

Wakati wa baridi lingkodi jike hutaga mayai kwenye nyufa za miamba kisha akaondoka. Dume ndiye anayebaki kuyalinda kwa wiki kadhaa, wala hakimbii hovyo hata akijiwa na mtu. Ni shabaha rahisi, lakini ukimuua umeua na mayai maelfu, kwa kuwa samaki wengine watayala mara moja.

Halafu kuna yule ambaye Wamarekani humwita kichwa cha kondoo. Wote huzaliwa majike, wenye rangi ya waridi. Baadaye baadhi yao hugeuka kuwa madume wenye kichwa na mkia mweusi, na mwili mwekundu katikati. Wavuvi wakizidi kuwamaliza wale wakubwa, majike huanza kugeuka madume wakiwa bado wadogo, na hivyo mayai hupungua. Tena samaki huyu hula fukufuku wa baharini, wale wenye miiba, ambao nao hula mwani. Akitoweka yeye, msitu wote wa mwani umo hatarini.

Sasa utasema, basi nimpige mkubwa kabisa ili wadogo wakue. La hasha! Chukua mfano wa samaki mwekundu wa miamba ya huko. Jike wa sentimita 37 hubeba mayai 150,000 hivi. Akifika sentimita 60 hubeba milioni 1.7. Hajafikia hata mara mbili ya urefu wake wa awali, ilhali mayai ni zaidi ya mara 11. Katika maji baridi samaki wengi hukua polepole, na nyanya kama huyo huchukua miaka mingi kupata badala yake. Basi achaguliwe wa kadiri, wa aina iliyo tele, na awe ni wa kutosha chungu cha siku hiyo.

Hapa Kenya bunduki ya mkuki ni zana iliyopigwa marufuku, kwa hiyo usifunge safari kwenda kuitafuta. Lakini fahamu kwamba chewa wengi na pono wa pwani yetu nao huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi wakageuka madume. Kwa hiyo hesabu ya California yatuhusu sisi pia, tofauti ni kwamba wewe mkuki wako ni pesa zilizo mkobani. Ukienda sokoni, muulize mchuuzi jina la samaki na alikovuliwa. Ukiona fungu la vichanga visivyojaa kiganja, ambavyo mwenyewe anakiri kuwa ni watoto wa samaki wakubwa, vipite. Kadiri wanunuzi wanavyovipita, ndivyo mvuvi atakavyokosa sababu ya kuvileta.