Tuusome Moshi Kabla ya Kuifungua Injini

Hakuna mkaazi wa Unguja wala Pemba asiyeujua moshi wa pikipiki kuukuu. Huuona ukitanda katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na huuona ukimfuata bwana shamba apandapo vilima baina ya Mkoani na Chake Chake. Wengi wetu tumeuzoea hata tukauhesabu kuwa ni alama ya uzee wa chombo, mithili ya mvi kichwani. Mazoea hayo yana gharama. Lakini gharama iliyo kubwa zaidi haitokani na moshi wenyewe, bali hutokana na pupa ya kuutibu kabla ya kuuelewa.

Tunasema haya kwa kuwa yametufika. Pikipiki iwachukuayo waandishi wetu kwenda mashamba ilianza kutoa moshi wa buluu kila asubuhi. Ilipopelekwa gereji ikaamuliwa papo hapo kwamba ringi za pistoni zimekwisha. Silinda ikapanuliwa, pistoni mpya ikanunuliwa, na fedha zikalipwa. Haikupita wiki, moshi ukarejea vile vile. Fundi wa pili hakushika spana kwanza, aliuliza tu: "Inatoa moshi wakati gani?" Tukamjibu kuwa ni wakati wa kuiwasha asubuhi, kisha hutulia. Kumbe kilichokufa ni raba ndogo izuiayo oili kwenye shina la valvu. Swali hilo lingeulizwa mwanzo, pistoni ile isingenunuliwa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuitazama rangi. Moshi mweusi ni wa petroli nyingi kuliko hewa; dawa yake hutafutwa kwenye kabureta na kichungi cha hewa, si kwenye pistoni. Mvuke mweupe uonekanao asubuhi na kutoweka injini ipatapo moto ni unyevu tu, wala haudhuru. Moshi wa buluu wenye harufu ya oili iliyoungua ndio unaostahili uchunguzi.

Hatua ya pili ni kuijua injini yenyewe. Vespa za zamani, ambazo zimetumika sana visiwani, huchanganya oili na petroli kwa makusudi, na moshi kidogo ndiyo desturi yake. Nyingi kati yake hutaka oili lita 1 kwa petroli lita 50, lakini mwenye kuzidisha kwa kudhani anaihurumia injini huishia kuziba ekzosi na kuchafua plagi. Ikiwa mchanganyiko ni sahihi na moshi bado ni mzito, ipimwe oili ya gia boksi. Sili ya krenkshafti iliyo upande wa klachi ikichakaa, injini huifyonza oili hiyo na kuiunguza. Nayo ni kama robo lita tu, hivyo ikipungua bila ya kuvuja nje, mwizi ameshajulikana. Akiachwa, gia zitakauka na hasara itakuwa maradufu.

Kwa injini ambazo oili yake hukaa mbali na petroli, wakati wa moshi ndio ushahidi. Ukitoka mara tu baada ya chombo kulala usiku kucha, au dereva ateremkapo kilima huku amefunga moto kisha akaufungua tena chini, washukiwe valvu na raba zake. Ukitoka mfululizo wakati wa kupanda kilima au kubeba mzigo, na bomba la kupumulia la injini likapuliza moshi kwa nguvu, zishukiwe ringi na silinda. Lakini kabla ya yote hayo itazamwe oili yenyewe: pengine imejazwa kupita alama ya kijiti, au ni nyepesi kuliko inavyotakiwa, au bomba la kupumulia limeziba.

Hatua ya tatu ni kupima. Plagi hutolewa, kipimo cha mgandamizo hufungwa mahali pake, moto hufunguliwa wote na injini hupigwa kiki mpaka mshale usimame. Kisha hutiwa oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai katika tundu la plagi na kupimwa tena. Mgandamizo ukipanda sana, ringi au silinda zimelika, kwani oili imeziba mwanya kwa muda. Ukibaki chini kama ulivyokuwa, kasoro huenda ipo kwenye valvu. Ukiwa mzuri tangu mwanzo na moshi ungalipo, zitazamwe kwanza raba za valvu, bila ya kusahau kwamba ringi ya chini, ambayo kazi yake ni kukwangua oili, yaweza kunata ingawa mgandamizo haujapungua.

Hata pale silinda inapokuwa imelika kweli, kuna jambo ambalo husahauliwa. Vumbi na mchanga wetu ni msasa. Pikipiki iliyotolewa kichungi cha hewa ili "ipumue vizuri" huulisha msasa huo ndani ya silinda kila siku, na pistoni mpya itakayotiwa humo haitadumu. Kuponya jeraha na kuuacha mwiba ndani si tiba.

Kwa wakuu wa ofisi za Serikali tuna maombi matatu. Kwanza, kila pikipiki ya ofisi iwe na daftari la kuandikia oili iliyoongezwa na kilomita zilizokwendwa. Chombo kinachokunywa oili zaidi mwezi hadi mwezi kitajitangaza chenyewe. Pili, gereji zinazovihudumia vyombo hivyo ziwe na kipimo cha mgandamizo na mtu ajuaye kukitumia. Tatu, pasiidhinishwe kupanua silinda wala kununua pistoni mpaka fundi ameandika alichokipima. Silinda haipanuliwi milele. Kila inapochongwa huwa imekaribia kutupwa.

Tusidhani kwamba hili ni jambo dogo. Pikipiki iliyosimama gereji kwa matibabu yasiyo yake huenda ndiyo inayongojwa na mkulima ambaye mikarafuu yake inakauka, au na mzazi katika kijiji kisichofikiwa na gari usiku. Fedha ya kununua pistoni isiyohitajika hutoka katika mfuko ule ule unaonunua dawa na vitabu vya skuli.

Wahenga walituusia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba, kabla ya kuuziba, ni lazima kwanza tuuone ufa uko wapi.