Pauni 145 kwa Usiku Mmoja

Ukibeba boksi Uingereza, kodi hukatwa kabla mshahara haujakufikia, na kijiweni hakosekani wa kulalama: "Waliojilipua kuomba hifadhi wanalala hotelini kwa hela zetu!" Hela ni zetu kweli. Tuone basi zinaishia mfukoni mwa nani.

Sheria ya mwaka 1999 inaipa serikali uwezo wa kumpatia makazi mwomba hifadhi asiye na kitu. Mahali pa kukaa hachagui yeye. Kazi haruhusiwi; akisubiri miezi 12 anaweza kuomba kibali, nacho ni cha kazi chache zilizoorodheshwa.

Mwaka 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ilizipa kampuni tatu, Serco, Mears na Clearsprings, mikataba ya miaka 10 ya kuwatafutia watu hao makazi. Makadirio yalikuwa pauni bilioni 4.5. Mei 2025 wakaguzi wa hesabu za serikali wakasema gharama itafika bilioni 15.3.

Mpango ulikuwa nyumba za kawaida mitaani, hoteli ziwe za dharura tu. Ikaja korona, maombi yakarundikana bila kuamuliwa, na dharura ikageuka mazoea. Mwaka wa fedha 2024/25 nyumba ya mtaani iligharimu kama pauni 23 kwa mtu kwa usiku. Hoteli, 145! Mwaka huo hoteli zilibeba kama theluthi moja ya watu, zikala robo tatu ya gharama za mikataba. Aliyelala humo alipewa chakula, na hela ya mkononi hata pauni 10 kwa wiki haikufika.

Serikali ilipotaka kuzikimbia hoteli, ikauziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2023 serikali ilinunua gereza la zamani la Northeye, Bexhill, kwa pauni milioni 15.4. Muuzaji alikuwa amelinunua kwa milioni 6.3 tu, mwaka mmoja nyuma. Majengo yakakutwa na asbesto, na hakuna mwomba hifadhi aliyewahi kulazwa pale.

Kwangu mimi, kinachotula ni foleni ya maombi: kila usiku faili linapolala mezani, bili inaongezeka. Na sauti tunayo: Mtanzania, Mkenya au Mganda mwenye kibali cha kuishi hapa anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata bila uraia, kwa kuwa nchi zetu zimo Jumuiya ya Madola. Mwandikie mbunge wako, umuulize kuhusu hiyo foleni.